Matairi Makuukuu: Tuyatumieje Tena?

Malori yaelekeayo Rusumo na Kabanga hupita Lusahunga, na nyuma yake hubaki matairi yaliyochakaa. Mpira wake hauozi kama jani la mgomba.

Fundi wa makatambuga ndiye anayedhuru mazingira kidogo kuliko wote: hukata kwa kisu, hahitaji moto. Tairi la kupandia maua nalo lafaa, mradi litobolewe chini. Likituamisha maji ya mvua huwa mazalia ya mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Mayai yake hugandama ukutani mwa tairi na huweza kudumu miezi kadhaa penye ukavu. Hivyo kumwaga maji pekee hakutoshi, ni sharti kusugua. Mboga zisipandwe humo, kwa kuwa mpira una zinki inayochujuka taratibu udongoni.

Kuchoma ili kupata nyaya ndiko kubaya zaidi. Moshi wake hubeba salfa na kemikali ziletazo saratani, na mafuta yachuruzikayo huzama ardhini, pengine karibu na kisima. Thamani ya nyaya hizo ni ya chuma chakavu tu.

Tairi lisilo na mnunuzi lihifadhiwe chini ya paa hadi fundi apatikane.