Zizi Likibaki Tupu

Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, eneo la kaskazini mwa Kenya lilikosa mvua ya kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Nchini kote, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Kwa wafugaji wa Oldonyiro, Kaunti ya Isiolo, ambako soko la mifugo ndilo uhai wa mji, hasara hiyo haikuishia mfukoni.

Njaa huonekana upesi, na unga ukija hupungua. Maumivu ya mwenye zizi hujificha. Baba aliyekuwa akidamka kupanga malisho sasa analala mpaka jua limepanda. Siku ya soko haendi. Hana cha kuuza, na hataki kuulizwa. Usiku usingizi haumjii, mchana anafokea watoto kwa jambo dogo. Majirani husema amekuwa mvivu, wengine kwamba amerogwa. Hali hii ikizidi wiki mbili na kazi za kila siku zikamshinda, huenda ni sonona, na sonona inatibika.

Tiba mojawapo ni mazungumzo, na imepimwa karibu na kwetu. Katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, ambako Ukimwi ulikuwa umeua wengi, watafiti walianzisha vikundi vya wanakijiji wenye dalili za sonona, wanawake mbali na wanaume mbali. Walikutana kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mwanzoni, 86 kati ya kila washiriki 100 walikuwa na sonona. Mwishoni walibaki wasiofika 7. Katika vijiji visivyopata vikundi, wenye sonona walipungua kutoka 94 hadi 55. Muda pekee huponya baadhi, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa.

Mnasihi mzuri, yaani anayeongoza mazungumzo hayo, hahutubii. Husikiliza, kisha humsaidia mtu aone huzuni yake ilianza lini na iliandamana na nini: kufiwa, ugomvi nyumbani, au maisha kugeuka ghafla, kama mfugaji anapoamka bila mfugo. Katika mpango wa Shirika la Afya Duniani uliowahi kujaribiwa miongoni mwa wanawake jijini Nairobi, vikao ni vitano. Mtu hufundishwa kupumua polepole kifua kikibana, huchagua tatizo moja linaloweza kushughulikiwa, na huondoka na hatua ndogo ya wiki hiyo. Kwa baba yule, hatua inaweza kuwa kwenda sokoni bila mbuzi, kuwasalimu wawili wa rika lake, na kurudi kueleza ilivyokuwa.

Siri hutunzwa, isipokuwa uhai ukiwa hatarini. Mtu akisikia sauti zisizosikika na wengine, au akizungumzia kujiua, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda akahitaji dawa pamoja na mazungumzo. Familia isifiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Pa kuanzia ni kwa mhudumu wa afya ya jamii anayepita bomani, au katika kituo cha afya kilicho karibu, ambako mgonjwa anaweza kuelekezwa hospitali ya rufaa mjini Isiolo. Msalaba Mwekundu wa Kenya nao hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199. Mke, kaka au rafiki anaweza kupiga kwanza, akaeleza anayoyaona nyumbani, kabla mgonjwa mwenyewe hajawa tayari kusema.