Fedha, Mikopo na Taarifa Binafsi Katika Simu ya Mkononi

Huduma ya M-Pesa, ambayo Safaricom iliizindua nchini Kenya Machi 2007 na Vodacom ikaifikisha Tanzania mwaka uliofuata, haikubuniwa awali kwa ajili ya watu kutumiana fedha. Katika majaribio yaliyoanza mwaka 2005 kwa ushirikiano na Faulu, taasisi ya mikopo midogo, kusudi lilikuwa kumwezesha mkopaji kupokea mkopo na kupeleka marejesho yake kwa simu bila kufunga safari hadi ofisini. Wale waliopewa huduma hiyo kuijaribu waliielekeza kwenye mahitaji yao wenyewe: waliwatumia ndugu walio mbali, wakalipia bidhaa, na wengine wakaweka fedha kabla ya safari ili wazitoe mwisho wa safari bila kubeba noti njiani. Watoa huduma wakawafuata watumiaji, na utumaji wa fedha ukawa ndio biashara yenyewe.

Mkopo ulioachwa nyuma ulirudi Novemba 2012, pale Commercial Bank of Africa ilipoanzisha M-Shwari kwa kushirikiana na Safaricom, na Tanzania ikapata huduma ya namna hiyo mwaka 2014 kwa jina la M-Pawa. Kilichokuwa kimebadilika katikati ni kwamba mamilioni ya watu walikwisha kuacha kumbukumbu za miaka kadhaa za jinsi wanavyopokea, wanavyotuma na wanavyotumia fedha, na kumbukumbu hizo ndizo zilizochukua nafasi ya hati ya nyumba au shamba kama dhamana. Kijitabu hiki kinahusu hasa mabadiliko hayo, kwa sababu mtumiaji wa leo halipii huduma za simu kwa fedha peke yake bali pia kwa taarifa zake, na malipo haya ya pili hayaonyeshwi popote katika ujumbe wa muamala.

Kutoka nyota na reli hadi programu tumizi

Njia ya zamani, ambayo ingali ikitegemewa na watu wengi, ni ile ya kubonyeza nyota, tarakimu na reli, kwa mfano *150*00# ya M-Pesa nchini Tanzania, kisha kuchagua katika orodha inayotokea kwenye kioo. Njia hii hufanya kazi kwenye kitochi kama inavyofanya kazi kwenye simu janja, haihitaji bando la intaneti, na mawasiliano yake hupita katika mtandao wa kampuni ya simu. Kampuni huona kila muamala unaofanywa kwa njia hiyo, lakini haioni yaliyohifadhiwa ndani ya simu, yaani picha, majina ya marafiki au ujumbe uliotoka kwa watu wengine.

Programu tumizi, yaani programu ambayo mtumiaji huipakua na kuiweka ndani ya simu janja, ina faida zake za wazi: huonyesha historia ya miamala kwa mpangilio mzuri, husoma alama ya malipo kwa kamera, na huunganisha katika kioo kimoja malipo ya umeme, tiketi za basi, ada za shule na akiba. Tofauti yake na njia ya nyota na reli ni kwamba yenyewe huishi ndani ya simu, hivyo inaweza kusoma chochote ambacho mtumiaji ameiruhusu kusoma. Ombi la ruhusa linalotokea mara tu programu inapofunguliwa, ambalo watu wengi hulikubali kwa kidole kimoja ili waendelee na shughuli zao, ni sehemu ya mkataba sawa na kiwango cha riba. Programu ya kulipia umeme haina sababu ya kutaka kusoma ujumbe wa mtumiaji, na mwenye simu anaweza kuinyima ruhusa hiyo au kuiondoa baadaye katika mipangilio ya simu.

Kuhusu fedha zenyewe, wasiwasi wa zamani kwamba kampuni ya simu ikifilisika salio la mteja litapotea una jibu la kisheria. Chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake za fedha za kielektroniki, fedha za wateja nchini Tanzania hutunzwa katika akaunti za amana kwenye benki, zikitenganishwa na mali ya mtoa huduma, na faida inayopatikana katika akaunti hizo hugawiwa wateja, utaratibu ambao Tigo Pesa iliuanza mwaka 2014. Mwaka huohuo Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na Vodacom ikaingia katika mpango huo mwaka 2016, jambo ambalo lilimpunguzia mtumiaji ulazima wa kutembea na laini nne. Baadaye Benki Kuu ya Tanzania ikajenga TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo unaoziunganisha benki na kampuni hizo katika njia moja.

Mkopo wa simu: unavyopimwa na unavyogharimu

Mkopo wa simu hutolewa kwa uamuzi wa mashine. Mfumo hukusanya taarifa kama muda ambao laini imekuwa hai, kiasi cha vocha kinachonunuliwa, fedha zinazoingia na kutoka, akiba iliyowekwa, na namna mikopo ya nyuma ilivyorejeshwa, kisha huzigeuza kuwa alama moja inayoamua kama mteja akopeshwe na kwa kiwango gani. Ndiyo maana mtu mwenye kipato kizuri anayelipwa taslimu anaweza kuambiwa hastahili mkopo, huku mwenye kipato kidogo kinachopita kwenye simu akikubaliwa. Ndiyo maana pia kubadilisha laini mara kwa mara, au kumpa ndugu laini aitumie kwa jina la mwingine, kuna gharama, kwa kuwa kumbukumbu humfuata mwenye jina wala si aliyeshika simu.

Gharama ya mkopo wa namna hii haipimwi vizuri kwa tarakimu inayotangazwa peke yake. M-Shwari ilianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, kiwango kinachoonekana kidogo kwa sababu anayekopa shilingi 1,000 za Kenya hurejesha 1,075. Mtu anayeukopa na kuurudisha kila mwezi kwa mwaka mzima, akizungushia mtaji uleule, atakuwa amelipa shilingi 900 kama ada juu ya mtaji wa shilingi 1,000, yaani asilimia 90 kwa mwaka. Kwa dharura ya siku chache, kama vile dawa ya mtoto usiku, gharama hiyo inaweza kustahimilika. Kwa biashara ya genge ambayo faida yake ni ndogo na mzunguko wake ni wa polepole, mkopo huo utaila faida yote na kuanza kuula mtaji.

Hali ni mbaya zaidi pale ada inapokatwa mwanzoni. Chukulia programu inayotangaza mkopo wa shilingi 100,000, ikampa mkopaji 75,000 mkononi, na kutaka irudishiwe 100,000 baada ya siku saba. Riba inaweza kuandikwa kuwa sifuri, lakini mkopaji amelipa theluthi moja ya fedha alizopokea kwa matumizi ya wiki moja. Swali la kuuliza kabla ya kukubali ni kiasi gani kitaingia, kiasi gani kitatoka, na baada ya siku ngapi. Mkopeshaji asiyeweza kulijibu kwa sentensi moja afaa kuachwa.

Mikopo ya aina hii ndiyo ambayo wananchi wa Tanzania wameiita kausha damu, na uzito wa jina hilo unatokana zaidi na namna ya kudai kuliko na riba yenyewe. Programu iliyopewa ruhusa ya kusoma orodha ya majina hunakili namba za wazazi, wakwe, waajiri na majirani wa mkopaji, na siku anapochelewa, watu hao hupigiwa simu au kutumiwa ujumbe wa kumdhalilisha, ingawa hawakudhamini mkopo wala hawakujua kuwa ulikuwapo. Heshima ya mtu mbele ya wakwe zake haiwezi kukubaliwa kuwa dhamana ya mkopo wa shilingi elfu hamsini, na hakuna uchelewaji wa marejesho unaohalalisha kitendo hicho.

Mamlaka zimechukua hatua, ingawa kwa nyakati tofauti. Kenya ilirekebisha Sheria ya Benki Kuu mwaka 2021 na kutoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali Machi 2022, zinazowataka wawe na leseni na kuwakataza kuwatisha au kuwadhalilisha wadaiwa, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliwatoza faini baadhi yao kwa kutumia namba za watu bila idhini. Mwaka huohuo Google ilizizuia programu za mikopo katika duka lake kusoma orodha ya majina na picha zilizomo kwenye simu. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2024, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Novemba ya mwaka huo ikatangaza majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Programu iliyofungiwa huweza kurudi kwa jina jipya, hivyo usalama wa kwanza wa mkopaji ni kuhakikisha kwamba kampuni inayoimiliki ina leseni, wala asitegemee jina la programu au nyota ilizopewa na watumiaji wengine.

Mfanyabiashara na Lipa Namba

Wafanyabiashara wengi wadogo hupokea malipo kwa namba zao binafsi, na fedha za duka huchanganyika na michango ya harusi, ada za watoto na fedha za upatu, hata mwisho wa mwezi mwenye duka asijue kama biashara inamlisha yeye au yeye ndiye anayeilisha. Lipa Namba, ambayo Kenya hujulikana zaidi kama till, ni namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la biashara, na faida yake kubwa ni kwamba inazitenga fedha hizo na kujenga daftari la mauzo lisiloweza kupotea. Daftari hilo ndilo ambalo benki au taasisi ya mikopo itataka kuliona siku mfanyabiashara atakapohitaji mkopo wa miezi kadhaa kwa riba nafuu kuliko ile ya mkopo wa siku 30.

Wapo wanaoikwepa Lipa Namba kwa kuhofia kodi, na hofu hiyo haifai kubezwa. Tozo ya miamala ilipoanza Tanzania Julai 2021, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Serikali iliipunguza kwa asilimia 30 katika mwaka huohuo, ishara kwamba gharama ikizidi watu wako tayari kurudi kwenye noti. Hata hivyo, mfanyabiashara asiye na kumbukumbu zake hana pia cha kuonyesha anapokadiriwa kodi kubwa kuliko mauzo yake.

Hatari ya kila siku dukani ni ujumbe wa kughushi. Mnunuzi huonyesha kwenye simu yake ujumbe kwamba amelipa, au hutuma ujumbe unaofanana na ule wa mtoa huduma, kisha huondoka na mzigo. Kithibitisho ni salio lililobadilika katika akaunti ya muuzaji, na muuzaji ana haki ya kuliangalia kabla ya kuachia bidhaa, hata foleni ikiwa ndefu.

Utapeli kwa watumiaji wa kawaida

Ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” umesambaa Tanzania kwa miaka mingi, na hufanikiwa kwa sababu ukitumwa kwa watu elfu nyingi lazima utawafikia baadhi waliokuwa wakijiandaa kweli kumtumia mtu fedha saa hiyohiyo. Tiba yake ni kumpigia mhusika kwa namba iliyozoeleka na kusoma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Namba ya tapeli inaweza kutumwa kwenda 15040 bila kusubiri hadi mtu aibiwe, na kila mwenye laini anaweza kubonyeza *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, kwa kuwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake na kutumiwa katika uhalifu humletea yeye maswali ya polisi.

Malalamiko

Lalamiko la muamala huanzia kwa mtoa huduma, na lisipotatuliwa hupelekwa Benki Kuu. Linapohusu matumizi mabaya ya taarifa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mwananchi wa Tanzania haki ya kulifikisha kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na haki hiyo wanayo pia wale waliopigiwa simu za madeni yasiyo yao. Mlalamikaji atahitaji namba ya kumbukumbu ya muamala, tarehe, jina la kampuni na ujumbe wote aliotumiwa, kwa hiyo asifute ujumbe wa vitisho kwa hasira au aibu, na apige picha ya kioo kabla ya kuiondoa programu kwenye simu.