Kutunga Kanuni za Matumizi ya Kituo cha Wazee: Maelezo kwa Watendaji na Wananchi

Kijiji kinapojipatia jengo kwa ajili ya wazee, mambo yanayofikiriwa kwanza huwa ni mabati, saruji na sherehe ya ufunguzi. Kanuni za matumizi hufikiriwa baadaye, na aghalabu hufikiriwa siku ile wazee wanapofika asubuhi na kukuta ukumbi wao umepangwa viti vya harusi. Maelezo haya yanakusudiwa kuwasaidia wajumbe wa halmashauri za vijiji, maafisa watendaji, mabaraza ya wazee na wananchi wa Ukerewe na mwambao wa ziwa kwa jumla, ili kazi hiyo ifanyike mapema na kwa utaratibu unaokubalika kisheria.

Yafaa kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo huchanganywa katika mazungumzo. Makazi ya wazee, kama yale ya Bukumbi katika Wilaya ya Misungwi, ni mahali ambapo Serikali huwatunza wazee wasio na ndugu wala uwezo. Wanalala pale, wanakula pale, na uendeshaji wake uko chini ya ustawi wa jamii. Kituo cha wazee cha kijiji ni kitu kingine. Wazee hufika asubuhi, hukutana, hucheza bao, husikiliza redio, hupimwa afya pale mganga wa zahanati anapowatembelea, kisha hurudi makwao. Kwa kuwa jengo ni la kijiji, kila mwanakijiji huliona kuwa ni lake pia, na hoja hiyo si ya uongo. Ugumu wote wa kutunga kanuni unatoka hapo.

Utaratibu wa kisheria

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji inayo mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Hata hivyo mamlaka hayo hayatumiki ndani ya chumba kilichofungwa. Mapendekezo hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, ili wananchi watoe maoni yao. Kisha huwasilishwa Halmashauri ya Wilaya kwa idhini. Kabla ya idhini hiyo, sheria ndogo haina nguvu.

Watendaji wanashauriwa kuutazama mpaka huu kwa makini. Upo utaratibu wa ndani wa jengo, kwa mfano saa za kufungua, zamu za usafi na mahali pa kuweka viti. Huo unaweza kukubaliwa na kubandikwa ukutani bila kupelekwa Nansio. Lakini mara tu andiko linapomtoza mtu faini au kumtishia adhabu, limekwisha kuwa sheria ndogo, na lisipopitia njia iliyotajwa haliwezi kumbana mtu yeyote. Mvuvi aliyetozwa faini kwa karatasi isiyo na idhini ana haki ya kudai fedha zake, na kijiji kitakuwa kimepoteza heshima pamoja na fedha. Ni afadhali kanuni chache zisizo na faini, zinazofuatwa, kuliko orodha ndefu ya vitisho.

Mzee ni nani

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Kanuni za kituo hazina sababu ya kubuni umri mwingine. Swali ni namna ya kuuthibitisha. Wapo wazee wengi ambao hawakupata kuandikishwa walipozaliwa, na kitambulisho cha Taifa wakati mwingine hubeba mwaka uliokadiriwa tu. Katika visiwa hivi ushahidi mwingine upo. Mtu anayekumbuka kwa macho yake mwenyewe jinsi ziwa lilivyopanda baada ya mvua kubwa za mwaka 1961, likameza mashamba na mialo, hakuna haja ya kumdai cheti. Kwa wengine, neno la mwenyekiti wa kitongoji pamoja na wazee wawili wa rika lake latosha.

Jambo lenye uzito zaidi kuliko cheti ni la wajukuu. Kanuni inayosomeka vizuri sana kwenye karatasi, yaani «watoto hawaruhusiwi», katika utekelezaji huwafungia mlango akina bibi. Katika mkoa huu, bibi wengi ndio walezi wa wajukuu waliofiwa na wazazi kwa maradhi ya UKIMWI, au walioachwa nyumbani wazazi walipokwenda kutafuta maisha katika kambi za wavuvi. Bibi wa namna hiyo hana mtu wa kumwachia mtoto wa miaka mitatu. Akizuiwa kuja na mtoto, hatakuja. Matokeo yake kituo kitabaki kuwa cha wazee wa kiume wenye nafasi ya kukaa na bao mchana kutwa, na hao ndio wanaohitaji kituo kwa kiasi kidogo zaidi. Basi kanuni iruhusu mtoto aliyeongozana na mlezi wake mzee, na itenge kona ya watoto ikiwa nafasi ipo. Kelele za watoto hazijapata kumuua mzee.

Siku za mbalamwezi

Hakuna ubaya jengo kutumiwa na wengine. Vikundi vya kuweka na kukopa, kliniki ya mama na mtoto, semina za maafisa ugani na hata sherehe za kifamilia zinahitaji paa, na katika kisiwa kidogo paa kubwa huwa ni mawili au matatu tu, yakiwemo ya shule na ya ibada. Kinachotakiwa ni kuamua nani anatangulia.

Kanuni nyingi huandika kwamba wengine wataruhusiwa «pindi ukumbi unapokuwa wazi». Maneno hayo yanaonekana ya haki, ila yanasahau kalenda ya ziwa. Uvuvi wa dagaa hufanywa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi inapong'aa dagaa hawavutwi na taa, hivyo wavuvi hupumzika, hurekebisha nyavu, hulipana hesabu, na ndipo harusi, vikao vya ukoo na mikutano ya vikundi hupangwa. Kwa hiyo maombi ya ukumbi hayasambai sawasawa katika mwezi. Hurundikana katika juma moja hivi. Mzee aliyeambiwa kwamba ukumbi ni wake ila «uwe wazi» atajikuta nje kila mbalamwezi, mwezi hadi mwezi, bila mtu yeyote kuvunja kanuni.

Dawa yake ni kutaja siku na saa za wazee kwa majina, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tangu saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, na kuandika wazi kwamba saa hizo hazikodishwi kwa bei yoyote wala kwa idhini ya kiongozi yeyote. Ubaki msiba peke yake. Wazee wenyewe ndio wa kwanza kutoa nafasi panapotokea msiba, na kanuni isiyoujua msiba itavunjwa kabla wino haujakauka.

Fedha

Ada ya kukodi ukumbi ni halali endapo imekubaliwa na mkutano mkuu na inakusanywa kwa stakabadhi. Hatari yake haimo katika kiasi chake. Fedha za mwenye harusi zinapoingia, mzee asiyelipa kitu huanza kuonekana kama mgeni katika nyumba yake. Ndiyo maana inashauriwa mapato ya ukumbi yaandikwe katika ukurasa wake, yatumike kwanza kwa matengenezo ya kituo na mahitaji ya wazee, na yasomwe katika taarifa ya mapato na matumizi ambayo halmashauri ya kijiji inapaswa kuiwasilisha mbele ya mkutano mkuu wa kila miezi mitatu. Mjumbe wa baraza la wazee awemo miongoni mwa wanaotia saini kitabu hicho.

Uwanja wa nje nao husahauliwa. Sehemu yoyote tambarare karibu na ziwa ni mahali pa kuanikia dagaa na udaga, na hakuna mama atakayeacha mzigo wake unyeshewe kwa sababu ya ubao wa tangazo. Kuzuia kabisa ni kujitafutia ugomvi; kugawa kunatosha. Upande wa mlango, njia ya mteremko kwa wanaotumia magongo au baiskeli za walemavu, na tenki la maji ya mvua vibaki wazi wakati wote. Upande wa nyuma uanikwe. Injini za mashua na madumu ya petroli visiingizwe ndani hata kwa usiku mmoja.

Kuhusu siasa na dini, tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mwaka 1992 majengo ya umma yamehitaji uangalifu. Kijiji kichague moja kati ya mawili: ama vyama vyote na madhehebu yote yapewe ukumbi kwa masharti na bei ile ile, ama yasipewe kabisa. Njia ya tatu haipo.

Jambo lisiloweza kuruhusiwa

Lipo tumizi moja la jengo ambalo halina haja ya kupigiwa kura. Katika mikoa ya kanda ya ziwa, vikongwe wengi, hasa wanawake wajane, wamepoteza maisha kwa kusingiziwa uchawi. Mauaji hayo yalilijulisha eneo hili kwa sifa mbaya katika miaka ya 1990, na hayakukoma mwongo huo ulipokwisha. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa ni ushahidi, ilhali chanzo chake mara nyingi ni moshi wa miaka mingi, hususan pale ambapo kuni zimekwisha na akina mama hupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Katika Wilaya ya Magu, shirika la MAPERECE lililoanzishwa kwa ajili ya kuwatetea wazee lilihimiza, pamoja na elimu ya haki, ujenzi wa majiko yanayopunguza moshi. Ni kazi ya udongo na matofali, na imesema mengi kuliko hotuba.

Shutuma za namna hiyo mara nyingi huanza kwa mkutano. Hukusanyika watu baada ya kifo cha mtoto, au ng'ombe, au baada ya mtumbwi kuzama, huitwa mpiga ramli, hutajwa jina. Mkutano huo unahitaji mahali. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, imefanya kuwa kosa kumtaja au kumsingizia mtu kuwa ni mchawi. Hivyo kanuni za kituo zitamke kwa herufi kubwa kwamba jengo na uwanja wake havitatumika kwa ramli, kwa mikutano ya kusaka wachawi, wala kwa kikao chochote cha kumhoji mzee juu ya shutuma hizo, awe ameitisha sungusungu, ukoo au kiongozi wa kijiji. Msimamizi atakayepata fununu ya kikao kama hicho, popote kinapoandaliwa, apeleke taarifa kwa mtendaji na polisi siku hiyo hiyo, kabla hajaulizia ukweli wake.

Inafuata hapo haja ya daftari la mahudhurio. Watu wengine hudhani daftari ni la kuonyesha wafadhili. Faida yake kubwa ni kuonyesha nani hakuja. Mjane aliyekuwa akifika kila Jumatano, kisha akakosekana mara mbili mfululizo, ama ni mgonjwa, ama hana chakula, ama amekwisha kuanza kuogopa kupita njiani. Kanuni imtake msimamizi ampeleke mtu nyumbani kwake kabla ya siku ya tatu ya kituo, na jibu liandikwe mbele ya jina lake. Daftari hilo lisiachwe mezani. Lifungiwe, kwani orodha ya vikongwe wanaoishi peke yao si karatasi ya kusomwa na kila apitaye.

Kusomwa na kutunzwa

Rasimu isomwe kwa sauti mbele ya wazee wenyewe kabla ya kupelekwa mkutano mkuu, kwa Kiswahili na pia kwa Kikerewe, Kijita au Kikara kulingana na mahali. Wengi wao walijifunza kusoma katika kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970. Kinachowasumbua sasa ni macho, wala si herufi. Ulizwe mmoja mmoja, akina mama kando na akina baba, kwani mbele ya wanaume mjane hatasema kwamba anaogopa kurudi nyumbani baada ya saa 10 jioni.

Ufunguo uwe na nakala mbili, moja kwa afisa mtendaji wa kijiji na nyingine kwa mzee aliyechaguliwa na baraza, akaaye karibu. Saa za wazee zinapofika, mzee huyo afungue mlango hata kama mtendaji yuko safarini. Nakala za kanuni ziwekwe tatu: ukutani, katika ofisi ya kijiji na katika ofisi ya kata, zikiwa na tarehe ya mkutano mkuu uliozijadili na, kwa kanuni zenye faini, tarehe ya idhini ya Halmashauri ya Wilaya.