Njia ya Kufundisha Kusoma: Mwalimu Achague Ipi?

Mkulima mwenye akili hashiki jembe kwa kila kazi. Akilima hushika jembe, akifyeka hushika panga, akiangusha mti hushika shoka. Vyombo vyote ni vyema, lakini kila kimoja kina kazi yake. Ndivyo zilivyo njia za kufundisha. Hakuna njia moja ifaayo masomo yote na watoto wote. Somo hili laonyesha jambo hilo kwa mfano mmoja tu: kumfundisha kusoma mtoto wa darasa la kwanza.

1. Njia mbili zijulikanazo

Njia ya kwanza ni ya silabi. Mwalimu huandika ubaoni herufi moja pamoja na vokali tano: ba, be, bi, bo, bu. Watoto husoma, kisha huunganisha: ba-ba, baba. Huanza kwa sehemu ndogo, hufika kwenye neno, mwisho kwenye sentensi.

Njia ya pili hugeuza safari hiyo. Mtoto huonyeshwa kwanza sentensi nzima iliyotoka katika maisha yake, huitambua kama atambuavyo uso wa ndugu yake, na baadaye huyatenga maneno, halafu silabi na herufi. Njia hii yajulikana sana kwa jina la Ovide Decroly, daktari wa Ubelgiji, aliyezaliwa mwaka 1871 na kufa mwaka 1932. Mwaka 1907 alifungua shule yake Brussels. Alifundisha kwamba mtoto huona kitu kizima kabla ya kuona vipande vyake.

Je, ni ipi iliyo bora? Kabla ya kujibu, mwalimu atazame mambo mawili: lugha inayosomwa, na mtoto anayesoma.

2. Lugha inayosomwa

Maneno ya Kiswahili hutamkwa karibu kama yaandikwavyo, na silabi zake nyingi huishia kwa vokali. Kwa hiyo njia ya silabi hufungua mlango upesi. Mtoto aliyekwisha kujua silabi za m, t, k na l aweza kusoma mate, kula, kata na lima, hata kama hakuonyeshwa maneno hayo tangu mwanzo.

Kifaransa sivyo kilivyo. Neno eau lina herufi 3 lakini sauti 1 tu, wala sauti hiyo si ya herufi yoyote kati ya hizo tatu. Katika ils parlent, herufi tatu za mwisho hazisikiki hata kidogo. Mwalimu akitaka kuyapasua maneno kama hayo silabi kwa silabi, atawachanganya watoto. Yafaa wayaone mazima, wayasikie, wayarudie ndani ya sentensi. Basi mwalimu yule yule, katika darasa lile lile, yampasa kubadili njia anapobadili lugha.

3. Mtoto anayesoma

Njia ya silabi ina hatari yake. Watoto huimba pamoja ba, be, bi, bo, bu kwa sauti nzuri, na macho yao yako dirishani. Mwalimu hufurahi. Lakini akiandika bu, ba, bo bila utaratibu ule, na kumwita mmoja peke yake, mtoto hunyamaza. Huyo si mjinga. Amefundishwa kuimba, hajafundishwa kusoma.

Hatari hii ni kubwa zaidi pale ambapo madarasa yamejaa, kama ilivyotokea katika shule nyingi za Kongo baada ya masomo ya msingi kuwa bure mwezi wa Septemba 2019. Sauti ya wengi humficha asiyejua. Hupanda darasa la tatu na la nne akiwa bado anajificha, hata siku moja aibu humtoa shuleni. Katekista naye ajue kwamba majibu ya katekisimu yajibiwayo na wote kwa pamoja huficha vivyo hivyo.

Tena, nyumbani watoto wengi wa Lubumbashi na Bukavu husema mutoto na muti. Kitabu chaandika mtoto na mti. Asomaye "mutoto" hakukosa kufahamu: ametambua neno, akalitamka kama mama yake. Mwalimu asimcheke. Amwonyeshe neno zima, apige mstari chini ya m, aeleze kwamba hapa sauti hiyo yasimama peke yake. Hapo njia ya pili yaisaidia ya kwanza.

4. Kuziunganisha

Mwaka 1963, mjini Angicos katika Brazili, Paulo Freire na wenzake waliwafundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma kwa muda wa saa 40 hivi. Freire alianza kwa neno la maisha ya watu, kama vile tijolo, maana yake tofali. Walizungumza juu yake, kisha wakaligawa kwa silabi na kujitungia maneno mapya.

Mwalimu wa Kongo aweza kufanya vivyo hivyo kwa neno sombe:

Kwanza, mazungumzo: nani huchuma sombe, nani hutwanga?
Pili, sentensi nzima ubaoni: Mama anapika sombe.
Tatu, neno sombe peke yake. Mwalimu alifunike kwa mkono, ionekane so, kisha mbe.
Nne, jamaa za silabi: sa, se, si, so, su, mba, mbe, mbi, mbo, mbu.
Tano, watoto watafute maneno mapya: simba, sisi, mbu, wakiongeza vokali, imba na omba.
Sita, kila mtoto asome peke yake, hata neno moja tu.

Hatua ya sita isiachwe kwa sababu ya haraka. Darasa likiwa kubwa mno, watoto 10 wasome leo, 10 kesho, na majina yao yaandikwe daftarini.

Maulizo kabla ya kutayarisha somo

1. Jambo litakalofundishwa lina umbo gani: laanza kwa vipande au kwa kitu kizima?
2. Watoto wanajua nini tayari, na kwa maneno gani ya nyumbani?
3. Ni kwa alama gani mwalimu atajua kwamba aliyeketi nyuma kabisa amefahamu?

Zoezi la juma hili: mwalimu aandike silabi 10 bila utaratibu, awaite watoto mmoja mmoja, aandike nani amesoma ngapi. Akiisha kuona hesabu hiyo, ndipo achague njia ya juma linalofuata.