Nani Atalipa Bili?

Andiko: Wagalatia 6:2-5

Marekani kuna watu ambao wakifa hawazikwi. Miili yao hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sufuri, wakitumaini sayansi itawaamsha siku moja. Hajaamka hata mmoja. Tumaini letu la ufufuo tunalijua liko wapi, kwa hivyo leo sibishani nao. Nauliza tu: nani hulipa?

1. Ahadi za jamaa huchoka. Kule Chatsworth, California, miili iliwekwa katika chumba chini ya ardhi makaburini, jamaa wakitegemewa kuendelea kulipa. Wengine wakaacha. Katika miaka ya 1970 miili ikayeyuka, ikaoza. Si kwamba hawakuwapenda wafu wao. Machozi hukauka, lakini bili haikauki.

2. Anayeweza, ajiandae. Shirika la Alcor, kule Arizona, hutaka malipo yapangwe mapema. Wengi wa wanachama hukata bima ya maisha wakiwa wazima, wanalipa kidogo kidogo, na wakifa bima ndiyo inalipa gharama.

3. Asiyeweza, abebwe. Kim Suozzi alikuwa bado mwanafunzi wa chuo alipopatikana na saratani ya ubongo mwaka wa 2011. Wakati huo Alcor ilitoza dola 80,000 kwa kichwa pekee. Bima gani ingemkubali akiwa hali hiyo? Akaomba msaada mtandaoni, na shirika la Society for Venturism likamchangishia. Alifariki Januari 2013, akiwa na miaka 23, na ubongo wake ukahifadhiwa alivyotaka. Huyo hakuwa mzembe. Ugonjwa ulimfikia kabla hajapata nafasi.

Paulo anasema tubebeane mizigo, halafu mistari mitatu baadaye anasema kila mtu abebe wake. Hajipingi. Swali ni moja: huyu alikuwa na nafasi ya kujiandaa?

Sasa tuje kwetu. Wewe una kazi, una nguvu, lakini bima ya afya huna, unasema, "Kanisa si lipo?" Ndugu yangu, mfuko wa kanisa ni mmoja. Ukilipiwa bili uliyoweza kuipanga, mjane ambaye hakuweza anakosa. Soma 1 Timotheo 5:16. Kujitegemea kwako ni sadaka pia, kwa sababu kunamwachia mwingine nafasi.

Swali la kikundi: Ni gharama gani unajua itakuja, na bado unategemea wenzako wailipe?