Hofu ya Wanyama: Sababu ya Maksai Kusimama Njiani

Mara nyingi twasikia wafugaji wa Shinyanga na Geita wakinung'unika ya kuwa maksai fulani ni mkaidi, au punda ana shetani, kwa kuwa amesimama njiani ghafula asikubali kupita. Huchapwa fimbo, naye huzidi kusimama. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu ya kuwa mnyama huyo hana ukaidi wala shetani. Ana hofu, na hofu hiyo alizaliwa nayo.

Farasi ndiye ajulikanaye sana kwa kushtuka, lakini kwetu farasi ni wachache. Zamani mapori mengi ya huku yalijaa mbung'o, na nagana auletayo mdudu huyo huwaua farasi. Basi tutasema zaidi habari za ng'ombe na punda, kwani silika yao ni ya namna moja. Wote hula majani, na mababu zao waliwindwa na wanyama wakali. Yule aliyengoja kuhakikisha kama kivuli kile ni simba kweli, hakuacha uzao.

Macho yao yako pembeni mwa kichwa. Tukiligawanya duara sehemu 360, farasi huona karibu 350 bila kugeuza shingo, na ng'ombe zaidi ya 300. Mahali asipopaona ni nyuma yake kabisa. Kwa hiyo mtoto amwendeaye punda kwa nyuma kimyakimya yumo hatarini: punda asikia nyayo, haoni mtu, hupiga teke kwanza, na teke lile laweza kuua. Watoto wachungao yapasa wafundishwe kumwendea mnyama kwa upande wa bega, huku wakisema naye.

Tena jicho moja peke yake halipimi kina vizuri. Kivuli kilicholala njiani chaweza kuonekana kama shimo, na ng'ombe atokaye juani huchelewa kuona gizani. Ndiyo sababu kundi husita kuingia joshoni. Bibi Temple Grandin wa Marekani, mtaalamu wa mifugo, katika miaka ya 1970 aliingia mwenyewe katika njia nyembamba za ng'ombe ili aone waonavyo wao. Alikuta ya kuwa mnyororo unaoning'inia, au koti lililotundikwa uani, latosha kulisimamisha kundi zima.

Hofu iingiapo, tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, na nguvu hukimbilia miguuni. Daktari Walter Cannon, Mmarekani pia, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1915: mwili hujiweka tayari kupigana au kukimbia. Farasi hukimbia. Punda mara nyingi husimama kwanza akatazama, na watu humwita mjinga kwa sababu hiyo. Sisi twaona ana busara kuliko farasi.

Hofu nyingine huisha kwa mazoea. Katika mgodi wa wazi wa Geita, ulioanza kazi mwaka 2000, miamba hupasuliwa kwa baruti. Ng'ombe mgeni akisikia mshindo wa namna ile hutimka, lakini ausikiaye mara kwa mara bila kudhurika hujifunza kuendelea kula. Maumivu ni jambo jingine. Maksai aliyechapwa darajani hajui ya kuwa alichapwa kwa kusimama; ajua tu ya kuwa pale darajani pana maumivu, na safari ya pili ataanza kutetemeka kabla ya kufika, hata akaweza kuuangusha mkokoteni mtoni pamoja na pamba na mwendeshaji.

Basi siku ya josho, kwanza ondoeni nguo na kamba zipeperukazo uani. Ng'ombe mzee aliyezoea atangulie, wengine watamfuata. Kundi likiisha kutaharuki, fimbo na makelele viachwe, wapumzishwe karibu nusu saa mpaka mioyo yao itulie, ndipo wajaribiwe tena.