SOMO LA AFYA: Kifaduro na Magugu Yanayofanana na Mpunga



Liko swali linalorudi kila tunapozungumzia afya ya watoto: "Kama watoto wanachanjwa miaka yote hii, mbona kifaduro hakijaisha? Je, chanjo imechoka?" Swali hili ni la haki na linastahili jibu la kweli.

Ugonjwa wenyewe

Kifaduro huletwa na bakteria aitwaye Bordetella pertussis. Wanasayansi Jules Bordet na Octave Gengou walifaulu kumwotesha maabara huko Ubelgiji mwaka 1906. Bakteria huyu hujishikiza kwenye njia ya hewa na kutoa sumu. Mtoto hukohoa mfululizo hadi kuishiwa pumzi, kisha huvuta hewa kwa mlio, na mara nyingi hutapika. Kichanga huweza asikohoe sana, bali akaacha kupumua. Ndiyo maana ugonjwa huu huua zaidi watoto wa miezi michache.

Chanjo za aina mbili

Chanjo ya kwanza hutengenezwa kwa bakteria mzima aliyeuawa. Hukinga vizuri, ila huweza kuleta homa na uvimbe mahali pa sindano. Kwa sababu hiyo nchi tajiri zilihamia chanjo ya pili, yenye vipande vichache tu vya bakteria. Japani ilianza mwaka 1981, na Marekani iliifanya kuwa chanjo ya watoto wote mwaka 1997. Homa ilipungua, lakini baadaye ilionekana kwamba kinga yake hupungua baada ya miaka michache. Tena, utafiti uliofanywa Marekani kwa nyani na kutangazwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa nyani waliopewa chanjo hiyo hawakuugua, lakini waliweza kubeba bakteria na kuwaambukiza wenzao.

Bakteria anavyobadilika

Mkulima wa mpunga hung'oa magugu anayoyatambua. Magugu yanayofanana na mpunga humponyoka, yakazaa mbegu, na msimu unaofuata yakawa mengi. Si jembe lililoyaumba. Yalikuwepo machache, na palizi ikawaondoa wenzao.

Ndivyo ilivyo kwa kifaduro. Kimoja cha vipande vilivyomo katika chanjo nyingi za aina ya pili ni protini iitwayo pertaktini, inayokaa juu ya ngozi ya bakteria. Mwili uliochanjwa humtambua adui kwa alama hiyo. Bakteria wanapozaana, mara chache hutokea mmoja mwenye kasoro katika jeni, asiyetengeneza pertaktini. Penye chanjo hiyo, huyo ndiye anayeponyoka. Marekani bakteria wa namna hii walikuwa nadra sana kabla ya mwaka 2010. Kati ya 2011 na 2013, katika sampuli zilizokusanywa kutoka majimbo 8, walifikia asilimia 85.

Je, chanjo imeshindwa?

Hapana. Chanjo hufundisha mwili alama zaidi ya moja, hasa ile sumu. Katika jimbo la Vermont, ambako zaidi ya asilimia 90 ya bakteria waliopimwa hawakuwa na pertaktini, chanjo bado iliwakinga watoto wa miaka 4 hadi 10 kwa asilimia 84.

Kuacha chanjo ndiyo hatari yenyewe. Uingereza katika miaka ya 1970 wazazi waliingiwa na hofu, na watoto waliochanjwa wakapungua hadi kama theluthi moja. Mlipuko wa 1977 hadi 1979 ukaleta wagonjwa zaidi ya 100,000.

Sisi tufanye nini?

Hapa Tanzania chanjo ya kifaduro wanayopewa watoto wachanga bado ni ya bakteria mzima, iliyochanganywa na kinga za magonjwa mengine. Mwili hujifunza alama nyingi kwa pamoja, hivyo ni vigumu zaidi kwa bakteria kujificha. Lakini faida hiyo humfikia mtoto aliyekamilisha dozi zote 3, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Kamati ziwatembelee kina mama waliojifungua, ziangalie kadi za kliniki, na kumkumbusha kwa upole aliyechelewa. Kabla ya wiki ya 6 mtoto hana chanjo yake mwenyewe ya kifaduro. Kwa hiyo mtu anayekohoa, awe bibi, shangazi au kaka wa shuleni, asimbebe kichanga. Mtoto anayekohoa mfululizo au kukatika pumzi apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kwenu wafadhili wetu, tunasema wazi kwamba kazi hii haina siku ya kufunga hesabu. Bakteria hubadilika, na kila mwaka huzaliwa watoto wasio na kinga. Shamba lililopaliliwa mwaka jana hupaliliwa tena mwaka huu, na hakuna mkulima anayeona kuwa jasho lake la mwaka jana lilipotea bure.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika kigango chetu, ni watoto gani hawajamaliza dozi 3, na nini kimewazuia?
2. Tutamjibuje kwa heshima mzazi anayesema chanjo haifanyi kazi?
3. Nani atawatembelea kina mama kabla mtoto hajatimiza wiki 6?